Nimelipa 80,000 kuziba jino, mwezi wa pili huu nalia na maji ya friji

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Nilikwenda kliniki moja huku Sinza (jina naliacha) kuziba gego la chini lililotoboka. Nikachagua kompositi, ile ya rangi ya jino. Ganzi, kuchokonoa, asidi, gundi, kisha daktari akashindilia donge zima kwa mkupuo, akamulika taa ya bluu, tayari. Kinyozi wangu anatumia muda mrefu zaidi kwenye ndevu.

Jioni ile ile, kung'ata upande ule ni mwiba. Maji ya baridi yakigusa, mpaka sikio linaitikia. Nimerudi, naambiwa, "Kaka, punguza vya baridi." Kwa jua hili la Dar?

Mdogo wangu anasomea meno pale Muhimbili, nilipomsimulia akashika kichwa. Kompositi ikimulikwa inaganda kwa molekuli kushikana na kusogeleana, kwa hiyo lazima isinyae, kama asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Mtasema ni kidogo. Sasa shimo la gego ni kisanduku: kuta nne na sakafu vyote vina gundi, juu tu ndiko huru. Donge likisinyaa linavuta kote kwa pamoja. Ama gundi inaachia, unabaki ufa wa kupitisha mate na bakteria, ama kuta za jino zinabaki zimevutwa, ukitafuna unaruka. Ndiyo maana ile ya kawaida hujazwa tabaka kwa tabaka, milimita 2 hivi, kila moja na mwanga wake, maana taa haifiki chini ya donge nene. Zipo za kujaza milimita 4 kwa mara moja. Yangu haikuwa hiyo, nimeuliza.

Hata fundi wa Mbagala anajua lipu nene ya mkono mmoja haikai ukutani!

Na mate je? Pamba moja, ikalowa, ulimi wangu ukapita pale pale penye asidi. Gundi gani itashika hapo? Kile kipira cha kutenga jino sikukiona.

Sasa wanataka kurudia kwa nusu bei. Nusu bei ya kosa lao! Nimegoma. Nataka watoe yote, wazibe upya kwa tabaka, bure.

Kuna aliyewahi kurudiwa bure? Ulibanaje? Na nyie wa "ng'oa tu mkuu", piteni kimya, gego langu bado zima.