Manowari Émile Bertin: kapteni alikosea kuondoka na dhahabu Halifax?

Wakuu, tujadili bila jazba. Juni 1940 Paris imeshaanguka, manowari nyepesi ya Kifaransa Émile Bertin inatia nanga Halifax, Kanada, tarehe 18, imebeba dhahabu ya Benki ya Ufaransa zaidi ya tani 250. Kabla hawajashusha inakuja amri kutoka kwao, mzigo uende Martinique, kisiwa cha Ufaransa kule Karibi. Wakanada na Waingereza wanataka ubaki, kapteni Battet anagoma, anang'oa nanga mpaka Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, dhahabu inafungiwa ngome ya Desaix. Mi naona alichemka. Mizinga 9 ya milimita 152, spidi kwenye majaribio inakaribia noti 40 (kama kilomita 74 kwa saa), halafu inakaa miaka mitatu kama mlinzi wa getini!

— Unamwonea mkuu. Yeye mwanajeshi, amri imetoka juu afanyeje? De Gaulle mwenyewe, yule jenerali aliyekataa kusalimu amri kwa Wajerumani, ndo kwanza anaongea redioni London tarehe hiyohiyo 18, nani anamjua? Na Waingereza hao Julai 3 wakazipiga meli za Ufaransa pale Mers-el-Kébir, Algeria, wakafa mabaharia karibu 1,300. Ungewaachia hela yako?

— Ya Julai usimpe sifa mtu aliyeondoka Juni, hakuwa mganga. Ila kweli Hitler hakuigusa ile dhahabu hata kipande.

— Nyie mnahesabu dhahabu tu, wenyeji je? Admirali Robert wa upande wa Vichy (ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani) akajigeuza sultani pale kisiwani, Marekani na Uingereza wakabana meli, na Martinique ilikuwa inalima miwa kwa ajili ya kuuza, chakula kingi kinatoka nje, kwahiyo watu wakalala njaa huku ngomeni kuna utajiri wa nchi nzima. Vijana wakawa wanatoroka usiku na vimtumbwi kwenda Dominica na St. Lucia, visiwa jirani vya Waingereza, wajiunge na de Gaulle, na mkondo wa bahari pale sio wa mchezo, wengine hawakufika. Robert kaondoka Julai 1943, wananchi wameshamchoka.

— Mleta mada narudi. Baada ya Robert kuondoka meli hiyohiyo ikapelekwa Philadelphia, Marekani, ikafanyiwa matengenezo, Agosti 1944 ikawa inatwanga mizinga kusini mwa Ufaransa wakati majeshi yanatua. Uwezo ilikuwa nao! Anayemtetea Battet aniambie, wangeshusha dhahabu Halifax meli ikabaki upande wa vita, Ufaransa ingepoteza nini?