Naomba ushauri: tunataka kumchangia binti mkweaji, tufanyeje mchango wetu usiwe deni shingoni mwake?

Kamba_Ndefu

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu kabla sijaharibu jambo jema kwa mara ya pili.

Sisi ni kikundi cha watu kama arobaini, tunapanda miamba siku za mapumziko. Tajiri hayumo. Mwaka jana tulichanga kidogo kidogo kwa miezi minane, tukampeleka kijana wetu mmoja kwenye mlima mkubwa aliokuwa akiuwaza tangu utotoni. Alipanda vizuri. Siku ya mwisho upepo ukachafuka, akageuka zikiwa zimebaki saa chache afike kileleni. Alirudi mzima, vidole vyote kumi anavyo.

Wengi walimpokea kwa furaha. Ila wengine wakaanza kunung'unika kwenye kundi letu la simu, "kwa hiyo hela zetu zimeishia njiani?" Wawili walinipigia mimi, kwa kuwa ndiye mweka hazina, wakitaka warudishiwe. Kijana aliyasoma yote. Miezi mitatu hakuonekana mwambani. Siku aliyorudi aliniambia, "Kaka, bora ningeendelea tu." Maneno hayo mpaka leo yananinyima usingizi, maana najua maana ya kuendelea kwenye upepo ule.

Sasa tunaye binti wa miaka 17. Alianza kupanda akiwa na miaka 11, na kocha wake anasema anaweza kushindana na wenzake wa nchi yoyote katika boulda (kupanda kuta fupi bila kamba) na katika kupanda kwa kuongoza kamba (kupanda ukuta mrefu ukiipachika kamba yako mwenyewe kadiri unavyopanda). Wazazi wake uwezo wao unaishia kwenye ada ya shule. Watu wako tayari kuchangia tena, na wengine wameahidi kutoa kamba na mikanda yao ya zamani. Mimi ndiye ninayesita. Tumwahidi nini, na tumtake nini? Fedha kidogo ianze na kipi? Na vile vifaa vya zamani tuvipokee?

Jiwe_Baridi

Pole mkuu. Kabla ya yote, mfikishie huyo kijana salamu zangu. Mwambie yuko mtu asiyemjua ambaye anamshukuru kwa kugeuka. Mimi nina rafiki ambaye hakugeuka.

Soli_Imeisha

Niliwahi kushindana kwa miaka sita, nijibu hilo la fedha ianzie wapi.

Inategemea anashindana katika nini, na watu wengi hawalioni hili. Mbio za ukutani hufanyika kwenye ukuta wa mita 15 wenye njia ileile duniani kote, mishiko ileile, nafasi ileile. Ndiyo maana kuna rekodi. Mmarekani Sam Watson alipanda kwa sekunde 4.74 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, na mtu wa nchi nyingine anaweza kujipima naye bila kusafiri hata hatua moja. Mkweaji wa aina hiyo ukimjengea ukuta mmoja, umemaliza nusu ya kazi.

Binti yenu ni tofauti kabisa. Boulda na kuongoza kamba hushindaniwa kwenye njia ambazo hujawahi kuzigusa. Washindani hutengwa ili wasiwaone wenzao wakipanda, kisha unapewa dakika chache tu kuitazama njia. Akifanya mazoezi kwenye ukuta mmoja miaka mitano, atakuwa bingwa wa ukuta huo. Anachohitaji ni kuta ngeni na watengeneza njia wengine, akashindwe huko mara nyingi pasipo na hakimu. Kwa hiyo nauli za mazoezi ziwe mbele ya nauli za mashindano. Najua mchangiaji anapenda kuona picha ya mtu kavaa namba mgongoni, lakini wiki mbili kwenye ukuta asioujua zingemsaidia kuliko mashindano matatu.

Baada ya hapo viatu. Mtu anayefanya mazoezi siku nne kwa wiki anamaliza soli haraka sana, na soli ikitoboka kwenye kidole, hata mbinu yake ya miguu inaharibika. Kubandika soli mpya ni nafuu kuliko viatu vipya, mradi aipeleke kabla raba haijaliwa hadi kwenye ngozi. Halafu bima, na mtu wa kumtazama vidole na mabega. Mimi niliacha mashindano kwa sababu ya kidole kimoja ambacho hakuna aliyekitazama mapema.

Mzee_wa_Karabina

Mwanangu Kamba_Ndefu, kuhusu vifaa vya zamani nitasema bila kuzunguka. Msivipokee.

Watengenezaji wengi huuwekea mkanda wa kupandia ukomo wa miaka 10 tangu utengenezwe, hata kama umelala kabatini muda wote. Kamba nayo ina historia ambayo macho hayaioni. Nani anajua imemdaka nani, imelala karibu na betri ya gari yenye tindikali, imekanyagwa na viatu vya miiba? Mwenyewe anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado amesahau.

Yuko Jerzy Kukuczka wa Poland. Mwaka 1987 alikuwa mtu wa pili duniani kukamilisha vilele vyote 14 vinavyopita mita 8,000, mwaka mmoja baada ya Reinhold Messner. Yeye na wenzake hawakuwa na wafadhili wa kueleweka. Walipata fedha za safari kwa kuning'inia kwenye dohani za viwanda wakizipaka rangi. Namheshimu mno kwa hilo. Oktoba 1989, kwenye ukuta wa kusini wa Lhotse, mlima jirani wa Everest, alianguka, na kamba aliyokuwa nayo, nyembamba ya milimita 6, iliyotumika, iliyonunuliwa sokoni Kathmandu, ikakatika. Mtu wa kiwango kile! Kila ninapoona mtu anatoa kamba ya zamani kwa nia njema, namkumbuka.

Anayetaka kutoa kamba kuukuu, mwambieni ahsante, tutaifanyia mazoezi ya mafundo tukiwa chini.

Na msione haya kwamba mnachotoa ni kidogo. Mei 2022 watu saba wa kundi la Full Circle walifika kilele cha Everest, kundi la kwanza lenye wapandaji wote weusi kufanya hivyo, na James Kagambi akawa Mkenya wa kwanza kusimama pale. Sehemu ya fedha yao ilitoka kwa watu wa kawaida waliochangia mtandaoni. Kiongozi wao, Phil Henderson, alibaki chini akiiongoza safari.

Mama_wa_Wawili

Kaka, mimi nina watoto wawili wanaopanda, naomba nizungumze kama mzazi. Binti ana miaka 17. Makubaliano yoyote yatiwe saini na wazazi wake, naye akiwepo na akielewa. Wachangiaji wasipewe namba yake ya simu. Asidaiwe video za mazoezi kila wiki. Taarifa zipitie kwa kocha au kwako.

Na tafadhali sana, asiwepo mchangiaji wa kumwambia habari za uzito wake. Kwenye mchezo huu maneno hayo yanatoka vinywani mwa watu kirahisi, na yameumiza watoto. Andikeni kabisa kuwa atakayefanya hivyo atarudishiwa fedha yake na kuagwa.

Kidogo_Kidogo

Nimesita kuandika kwa sababu niliwahi kuwa upande wa wale wawili. Sio kikundi chenu, ni kwingine, lakini kisa kinafanana.

Nilichangia safari ya mtu, akageuka, nikalalamika. Baadaye nilijiuliza kwa nini niliumia, maana mimi mwenyewe nimewahi kugeuka mara nyingi. Nikarudi kusoma ujumbe wa kuomba mchango. Kilele kilitajwa mara tano, na picha ilikuwa ya kilele. Tuliambiwa "kila mchango ni hatua moja kuelekea juu." Yaani niliuziwa kilele, halafu nikadai bidhaa niliyouziwa. Haikuwa haki kwa yule mpandaji, ila walioandika ujumbe ule nao hawakumtendea haki.

Samahani mkuu, ujumbe wenu wa mwaka jana ulisemaje?

Kamba_Ndefu

Nimeurudia sasa hivi. Niliuandika mimi. Unaanza, "Tumfikishe kileleni."

Sijui niseme nini. Mwaka mzima nimekuwa nikiwalaumu wale wawili.

Jiwe_Baridi

Usijipige sana. Ukilijua kosa kabla ya mchango wa pili, umemwokoa binti.

Njia_Mpya

Swali ambalo hakuna aliyeligusa: kwa nini yeye na si mwingine? Kikundi cha watu arobaini hakikosi vijana wengine wenye bidii. Mkipiga kura, atashinda mwenye marafiki wengi. Ningeshauri waamue watu watatu wanaowajua vijana hao ukutani, na sababu ziandikwe kabla ya majina kutajwa. Pia ahadi iwe na mwisho, mwaka mmoja, kisha mnaangalia upya. Mchango usio na mwisho huisha kimyakimya, na mtoto ndiye anayekuja kugundua siku ya kulipa ada ya usajili.

Mzee_wa_Karabina

Nakubaliana na Njia_Mpya. Niongeze moja, haki ya kusimulia. Wafaransa waliopanda Annapurna, mlima wa Nepal, mwaka 1950, kilele cha kwanza cha mita 8,000 kufikiwa na binadamu, walitia saini kutochapisha chochote kwa miaka mitano. Simulizi ya kwanza ikawa ya kiongozi, Maurice Herzog, peke yake. Louis Lachenal, aliyefika naye kileleni, alikatwa vidole vya miguu kwa sababu ya baridi, na yeye na wenzake hawakuwa na sauti. Picha na simulizi za binti ziwe mali yake. Kama anataka kuwaandikia wachangiaji, aandike. Asipotaka, taarifa ya matumizi inatosha.

Soli_Imeisha

Na akiba. Robo ya mchango wa kila mwezi msiiguse, ikae kwa ajili ya jeraha. Mwanamichezo akiumia michango hupungua, wakati huo ndio anahitaji zaidi.

Kamba_Ndefu

Wadau, nawashukuru sana, kila mmoja wenu. Nirudishe majibu.

Jana tulikaa na wazazi wa binti, kocha na binti mwenyewe. Mchango utakuwa wa mwezi kwa mwezi kwa mwaka mmoja, akaunti yenye watia saini watatu, mama yake akiwa mmoja wao. Matumizi yatabandikwa kila mwisho wa mwezi, na robo inabaki akiba. Safari ya kwanza ni ya mazoezi tu, haina mashindano. Kamba za zamani nimezikataa kwa adabu, japo mmoja amekasirika kidogo. Suala la uzito limeandikwa kama Mama_wa_Wawili alivyosema, na nilimwona binti akilisoma mara mbili. Kumchagua yeye tulikuwa tumeshamchagua, hapo sikutenda sawasawa. Watakaofuata watapitia kwa watu watatu.

Ujumbe mpya wa kuomba mchango niliuandika usiku, asubuhi nikampelekea yule kijana wa mwaka jana ausome kwanza. Nilikuwa nimeandika: "Tunamlipia muda wa kujifunza na vifaa salama. Hata akishindwa, hana deni na mtu." Alikaa nao karibu saa nzima. Ulivyorudi, neno "akishindwa" alikuwa amelifuta, akaandika "akigeuka". Chini yake akaweka jina lake, wa kwanza kwenye orodha ya wachangiaji.