MJADALA: Kontrola mpya ya Valve inaweza kweli kuzika padi na kipanya?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tangu Valve, wale wenye duka la gemu za kompyuta la Steam, watangaze kontrola yao mpya, Novemba 2025, kila nikikaa na watu wa gemu nasikia wimbo mmoja: hii sasa inazika padi, inazika na kipanya. Naileta hapa tuichambue. Msimamo wangu nautaja mapema ili wa kunirushia mawe wajue pa kulenga: siamini. Na wala sisemi kifaa ni kibovu. Tatizo liko kwenye gemu zenyewe.

Kwa ambaye hajafuatilia: ukiitazama ni padi ya kawaida, ina vijiti viwili, vitufe vinne vya kulia na mishale kushoto. Chini ya vijiti kuna vibao viwili vya mraba vya kugusa, kama kile cha laptopu. Ndani kuna jairo, kihisi kinachojua umeinamisha mikono upande gani. Nyuma kuna vitufe vinne kwa ajili ya vidole ambavyo siku zote vilikaa bure. Vijiti ni vya sumaku, kwa hiyo ule ugonjwa wa kijiti (analogi) kuvuta chenyewe haupati nafasi kirahisi. Nia ni hii: kidole gumba kikiwa juu ya kibao kinafanya kazi ya kipanya, mikono inamalizia kwa jairo, na wewe umejinyoosha kwenye kochi.

Si wazo geni. Valve haohao walitoa kontrola ya kwanza Novemba 2015 kwa dola 49.99, na ile walithubutu zaidi, maana kijiti cha kulia walikiondoa kabisa wakaweka kibao cha duara. Novemba 2019 wakaachana nayo, mabaki yakauzwa dola 5. Dola tano, wakuu! Isitoshe, Februari 2021 baraza la mahakama huko Marekani likaamua walipe dola milioni 4 kwa kukanyaga hataza ya watu wengine kwenye vitufe vya nyuma. Kabla yao kulikuwa na Kinect, kamera ya Microsoft ya 2010, iliyoleta habari kwamba mwili wako ndio kontrola. Iliuza milioni 8 ndani ya siku 60. Kisha wakailazimisha ndani ya boksi la Xbox One mwaka 2013, bei ikafika dola 499 wakati PS4 inauzwa 399. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza mashine bila hiyo, na 2017 wakaacha kabisa kuitengeneza.

Sasa kiini. Ukiwasha gemu ya kompyuta, gemu inajiuliza kimoyomoyo: huyu ana padi au ana kipanya? Ikiona padi inakupa msaada wa kulenga (gemu inakuvutia lengo kidogo kuelekea adui), menyu za maandishi makubwa, na alama za A na X chini ya skrini. Ikiona kipanya, msaada unakatwa na menyu zinabadilika. Kontrola hii inajibu "vyote viwili". Mkono wa kushoto unasema padi, wa kulia unasema kipanya. Waliocheza Steam Deck, ile mashine ya mkononi ya Valve yenye vibao kama hivi, wanajua kinachotokea kwenye gemu isiyoandaliwa: maandishi ya chini yanapepesa, bonyeza E ya kibodi, bonyeza X ya padi, bonyeza E tena, kila ukigusa kibao. Nyingine ni mbaya zaidi: ukitembea, kulenga kunaganda, ukilenga, mtu wako anasimama katikati ya risasi. Hapo usilaumu kontrola. Aliyeandika gemu hakuwahi kuwaza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na kifaa kimoja kushoto na kingine kulia.

Kuna na suala la haki. Kampuni ya Riot walipopeleka gemu yao ya risasi, Valorant, kwenye PS5 na Xbox mwaka 2024, walikataa kuwachanganya wa padi na wa kompyuta kwenye mechi moja. Mtu wa jairo na kibao utampanga upande upi? Ukimwacha na msaada wa kulenga, wa padi watalia. Ukimnyima na kumtupa kwa wa kipanya, ataliwa mzimamzima.

Haya, uwanja wenu.

Mcheza Counter-Strike

Mkuu, umewabembeleza sana. Ngoja niseme kavu.

Kijiti kinaeleza kasi. Kipanya kinaeleza mahali. Ukisukuma kijiti unaiambia gemu "endelea kugeuka", halafu ni juu yako kuachia kwa wakati, ndiyo maana padi bila msaada wa kulenga ni mateso. Kipanya ukikisogeza sentimita kumi, kimeenda sentimita kumi, basi. Bega linabeba mzunguko mkubwa, kiwiko cha kati, kifundo kinamalizia kwenye kichwa cha adui. Ni mkono mzima unafanya kazi.

Kibao nacho kinaeleza mahali, sikatai, lakini ni kimraba cha sentimita tatu na nusu hivi. Kwenye eneo hilo chagua moja. Ukiweka wepesi wa kugeuka nyuma, utashindwa kulenga cha mbali. Ukiweka utulivu wa kulenga cha mbali, kugeuka nyuma itabidi upapase kibao mara tatu, na wakati huo ushakufa.

Halafu mnaongea kana kwamba kibodi imelala. Siku hizi kuna kibodi za sumaku zinazosikia kitufe kimeanza kupanda kabla hata hujakiachia. Agosti 2024 Valve wenyewe walipiga marufuku kwenye gemu yao ya risasi, Counter-Strike 2 (CS2), ile mbinu ya kibodi kukatisha A papo hapo ukigusa D, maana mtu alikuwa anasimama kwa usahihi ambao vidole peke yake havifiki. Kifaa mnachotaka kukizika ndicho kinachofungiwa kwa kuzidi makali.

Mtu wa Jairo

Kaka wa Counter-Strike, umepiga hesabu ya kibao ukaisahau jairo, wakati ndiyo yenye kazi. Jairo nayo inaeleza mahali. Mikono ikizunguka nyuzi tano, lengo linakwenda sawasawa na ulivyoweka. Wacheza Splatoon, gemu ya Nintendo, wanalenga hivyo tangu 2015, na ukimnyang'anya aliyezoea jairo ukamwachia kijiti tu, atakulilia.

Na ule mgeuko wa nyuma unaoutambia ulishapata dawa. Fortnite waliongeza 2022: kijiti cha kulia hakizungushi tena kamera polepole, kinachagua mwelekeo. Sukuma nyuma, umegeuka nyuma papo hapo. Kulia, uko kulia. Kisha jairo inamalizia zile nyuzi chache zilizobaki. Wepesi unaupata kwenye kidole, utulivu kwenye mikono, hakuna kinachomwibia mwenzake.

Kwa mleta mada. Mwaka 2000 ilitoka gemu ya Alien Resurrection kwenye PlayStation: kijiti cha kushoto cha kutembea, cha kulia cha kutazama. GameSpot waliuponda mpangilio huo, wakauona ndio jambo la kutisha kuliko yote kwenye gemu ya kutisha. Mwaka uliofuata Halo ikatumia mpangilio wa aina hiyohiyo, na leo mtoto wa miaka sita anaujua. Hoja yako kwamba gemu haziko tayari ingefaa kabisa kuandikwa mwaka 2000.

Mwenye Kibanda

Mimi nawasoma tu nacheka. Hapa kibandani ni PS4, ni FC ya mpira, na jioni Tekken ya ngumi kwa wale wenye hasira. Nani ashike kipanya akicheza mpira? Hata mwenye kompyuta yake nyumbani akitaka kupiga FC anatafuta padi.

Padi hapa inakufa kwa jasho na kwa kurushwa chini baada ya bao la dakika ya tisini. Ikianza kuvuta nampelekea fundi, anafungua, anabandua analogi, anachomelea nyingine, jioni iko mezani. Hicho chenu kinadai Steam, kwenye PS4 hakishiki kabisa. Na kile kibao kikipasuka, Kariakoo nitakipata duka gani? Mkishanijibu hapo ndipo mniambie habari ya kuzika padi.

Mpita njia

Nikimwona mtu anacheza Dota, gemu ya kipanya na kibodi, kwa kontrola akashinda, soda juu yangu.

Mleta mada

Mwenye Kibanda, nakuunga mkono, na kwa upande wako mjadala umefungwa.

Mtu wa Jairo, umenibana vizuri, lakini mfano wako wa 2000 ndio unaonipa nguvu. Wakati ule vijiti viwili vilikuwa tayari mikononi mwa watu. Sony walitoa DualShock mwishoni mwa 1997, baadaye ikawa ndiyo padi inayokuja na PlayStation. Mtengeneza gemu alijua kabisa kwamba wateja wake wanayo. Alichotakiwa ni kupata mpangilio mzuri tu, na Halo wakaupata.

Jairo haina bahati hiyo, na hapa kosa si la Valve. Padi ya PlayStation ina jairo kamili ndani tangu DualShock 4 ya mwaka 2013. Ya Switch, mashine ya Nintendo, inayo. Ya Xbox haina. Na kwenye Windows, gemu nyingi huongea na padi kwa utaratibu wa Microsoft uitwao XInput, ambao haukuacha hata njia ya kupitishia habari za jairo. Ndiyo maana ukichomeka DualSense, padi ya PS5, kwenye kompyuta, gemu nyingi zinaiona kama padi ya Xbox yenye rangi nyingine. Jairo ipo, inasikia, lakini hakuna anayeisikiliza hadi Steam iingilie kati na kuigeuza kuwa kipanya cha kuigiza. Tukishafika hapo tumerudi kulekule kwenye bonyeza E, bonyeza X.

Tazameni takwimu walizotoa Valve 2024. Matumizi ya kontrola kwenye Steam yalikuwa 5% mwaka 2018, yakapanda hadi 15%. Ni mara tatu, si haba. Lakini ndani ya hiyo 15%, asilimia 59 ni padi za Xbox, 26 ni PlayStation, 10 ni Steam Deck. Wengi wa wenye kontrola wameshika kitu kisicho na jairo. Mimi ningekuwa mtengeneza gemu mwenye bajeti ndogo, ningewahudumia kwanza hao 59.

Kwa hiyo kama kuna kampuni ya kusubiri, ni Microsoft. Siku wakiweka jairo kwenye padi ya kawaida ya Xbox, ndani ya boksi, hapo nitakaa kimya nisikilize. Ukinilazimisha kuchagua kifaa cha leo chenye nafasi zaidi, nitasema Joy-Con 2 za Nintendo kabla ya hiki cha Valve. Ziko ndani ya kila boksi la Switch 2 tangu Juni 2025, na ukizilaza kwa ubavu zinakuwa kipanya halisi, hata juu ya paja. Hazikai vizuri mkononi zikiwa hivyo, kwa maoni yangu ni nyembamba mno, lakini mtengeneza gemu ana uhakika kwamba kila mwenye mashine anazo.

Dada wa Civilization

Kaka zangu, mnabishana kana kwamba kila mtu anacheza ili amlenge mwenzake kichwani.

Kazi yangu ni ya ofisini, mchana kutwa nipo kwenye kipanya. Jioni kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto, na daktari alishanionya. Napenda Civilization, gemu ya kubonyeza vitu vidogo mia moja kwenye ramani. Kwa kijiti ni adhabu, mshale unatambaa kama unasukumwa matopeni. Kwa kibao cha Steam Deck natelezesha kidole gumba, mshale unafika, nabonyeza kwa kitufe cha nyuma, mikono iko mapajani na kifundo hakijasogea. Hakuna wa kunipiga risasi, kompyuta inanisubiri nifikirie. Hayo maandishi yanayopepesa siyaoni, kwa sababu kila kitu nimekipanga kama kipanya na kibodi, mwanzo hadi mwisho, bila kuchanganya.

Kwa hiyo mleta mada, ukiuliza kama kitachukua nafasi ya vyote, kwenye kochi langu vibao vimeshachukua. Ninachosubiri ni vibao vilevile bila uzito wa skrini katikati.

Mcheza Counter-Strike

Dada, kwako sina ubishi, pole na mkono. Huyu wa jairo ndiye bado namdai. Aje ranked, mechi za kupanda daraja, bila msaada wa kulenga, achague ramani mwenyewe.

Mtu wa Jairo

Nakuja. Ila na wewe round moja utaicheza ukiwa kwenye kochi, kipanya juu ya goti.