Nimeondolewa mafunzo ya polisi na nashuku sababu ni rangi yangu: je, niandikie Umoja wa Mataifa?

Mleta mada: Wakuu, naomba ushauri. Nilikuwa kuruti katika chuo cha polisi cha nchi ninayoishi, ambako watu wa rangi yangu ni wachache. Mwezi wa tano wa kozi niliondolewa kwa kilichoitwa "kutofaa kitabia", ilhali alama zangu za sheria na za mazoezi ya viungo zilikuwa juu ya wastani. Mkufunzi mmoja alizoea kunitania kwa rangi yangu mbele ya gwaride, na kuruti mwenzangu aliyechelewa lindo mara nyingi kuliko mimi alipewa onyo tu. Katika rufaa yangu kwa mkuu wa chuo niliandika kwamba tathmini haikuwa ya haki. Suala la rangi sikuligusa, kwa kuogopa kuonekana mlalamishi. Rufaa imekataliwa wiki tatu zilizopita. Niende moja kwa moja Umoja wa Mataifa?

Nanga: Pole sana, lakini usianzie huko. Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, wa mwaka 1965, unamruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya Kamati yake kupitia ibara ya 14, ila tu pale ambapo serikali husika imetoa tamko la kuikubali njia hiyo. Kuridhia mkataba peke yake hakutoshi. Hilo utalihakikisha kwa dakika chache. Kinachonitia wasiwasi ni rufaa yako. Kabla ya Kamati kukusikiliza, sharti uwe umemaliza njia za kisheria za ndani, na kuzimaliza si kupanda ngazi zote tu, bali ni kuzipanda ukiwa umebeba dai lile lile la ubaguzi. Ukifika kwenye Kamati na hoja ya rangi ambayo hakuna chombo cha nchini kilichowahi kuisikia, serikali itajibu kwamba haikupewa nafasi ya kuirekebisha, na itakuwa na hoja.

Mleta mada: Basi nimeshajiharibia?

Nanga: La. Uamuzi wa mkuu wa chuo kwa kawaida si wa mwisho. Muone wakili wiki hii, kwa kuwa muda wa kwenda mahakamani au kwenye baraza la kazi huweza kuwa mfupi mno, na safari hii neno ubaguzi liandikwe waziwazi. Baada ya uamuzi wa mwisho nchini, Kamati hiyo hutoa miezi 6.

Afisa Mstaafu: Nimefundisha makuruti miaka mingi. "Kutofaa kitabia" ni kapu linalopokea chochote, kwa hiyo omba jalada lako lote, hasa fomu za tathmini za kila wiki, na uangalie maoni mabaya yalianza lini na kwa mwandiko wa nani. Niliwahi kuona fomu za miezi minne zilizojazwa kwa kalamu moja, siku moja. Yule mwenzako aliyepewa onyo ni ushahidi mzito kuliko matusi yenyewe, maana anaonyesha kosa lile lile likipimwa kwa mizani miwili.

Msomaji: Jiandae pia kwa safari ndefu. Rosalind Williams alisimamishwa na polisi nchini Hispania mwaka 1992 kwa sababu ya rangi yake, na Kamati ya Haki za Binadamu, ambayo ni kamati nyingine, ilimpa haki mwaka 2009. Tena kamati hizi hutoa maoni, hazina askari wa kukurudisha darasani.

Mleta mada: Nimeelewa. Nina mashahidi wanne, lakini mmoja bado yuko kwenye kozi na anahofia kuondolewa kama mimi. Nimtaje kwa wakili?

Afisa Mstaafu: Muulize yeye kwanza, na asubiri kusaini chochote hadi amalize kozi na kuapishwa kuwa polisi.