Mjadala: Je, tozo ya nyumba iwalipie kodi ya pango vijana wanaotoka katika makao ya watoto?

MTOA MADA: Nchini Kenya, mfanyakazi aliyeajiriwa hukatwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imezua ubishi mwingi ambao sikusudii kuurudia. Nataka tujadili hali ya vijana wanaofikisha miaka 18 wakiwa katika makao ya watoto, kisha wakatakiwa kuondoka.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya makazi. Akitimiza miaka 18, anabaki na Kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki kama ya makazi, ambazo serikali inaruhusiwa kuzitimiza hatua kwa hatua. Kijana mwenye wazazi hauhisi mpito huo, kwa kuwa usiku ule hulala kwenye kitanda kile kile. Aliyelelewa katika makao anatakiwa kutafuta kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwenye nyumba kabla hajapata hata kibarua, na pengine kabla hajapata kitambulisho, kwa sababu hakuna aliyemchukulia cheti cha kuzaliwa alipokuwa mdogo. Hana mjomba wa kumwekea dhamana, wala hana mahali pa kurudi kazi ikikatika.

Nitaambiwa kwamba nyumba zinajengwa. Ni kweli, na nyumba za Mukuru, Nairobi, zilizokabidhiwa Mei 2025 zina vyumba vya kulipiwa chini ya Sh4,000 kwa mwezi. Hata hivyo, huo ni mkataba wa kununua, unaomfunga mtu kwa miaka mingi, ilhali kijana huyu hajui atapata riziki Nairobi, Nakuru au Kitale. Ninapendekeza Bunge lirekebishe sheria ili sehemu ndogo ya tozo ilipie amana na kodi yake kwa miaka miwili, fedha zikienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

MCHANGIAJI: Ndugu mtoa mada, uchungu wako naushiriki, lakini pendekezo lako silikubali. Mimi ni mwalimu ninayekatwa tozo hiyo huku nikipanga, na nilielezwa kwamba fedha zangu zitajenga nyumba zitakazodumu. Tukianza kulipa kodi, fedha zitaishia kwa wenye nyumba, na baada ya miaka miwili hapatakuwa na hata tofali moja la kuonyesha. Zaidi ya hayo, Serikali yenyewe ina Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, unaokusudia kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwa nini tuuwekee mfuko mfumo tunaotaka kuufunga? Heri fedha hizo ziwatafute shangazi na babu mapema, kijana afikishe miaka 18 akiwa na kwao.

MTOA MADA: Mwalimu, hoja yako ya tofali ni nzito, na ndiyo maana nimesema sehemu ndogo. Iwapo Bunge litaona ni afadhali fedha zijenge, basi litenge baadhi ya vyumba katika kila mradi viwe vya kupangishwa kwa vijana hawa, na anayeondoka ampishe mwingine. Hapo tofali litabaki na kijana atakuwa na pa kulala.

Kuhusu mkakati, nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini msichana aliyeingia makao akiwa na miaka minne, na ambaye sasa ana miaka 17, hatanufaika na mageuzi yatakayokamilika mwaka 2032. Wengi wa jamaa zake hawamfahamu, na kumpeleka kwa shangazi aliyekutana naye mara moja kunaweza kumweka mahali pabaya kuliko alipotoka. Yeye tayari yumo mikononi mwa dola, iliyomchukua kwa amri ya mahakama na kumwandikia faili. Siku ya kumtoa inajulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo dharura hapa hakuna. Kuna maandalizi ambayo hayajafanywa.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaofanya kazi katika makao haya kaunti mbalimbali: kati ya kulipiwa kodi na kutengewa vyumba, ni lipi lingewafaa vijana mnaowaaga?