Mnaweka #!/bin/sh juu, bash ndani, halafu “kwangu inaenda”

Mafundi wa Goma, inatosha! Skripti za bekapu zinazunguka kwenye flashi, mstari wa kwanza #!/bin/sh (unaoita sh, shell ya kawaida ya kusoma amri), ndani mmejaza [[ ]], safu (arrays) na source, ambazo ni za bash, shell nyingine yenye mengi zaidi. Kwako inaenda kwa sababu sh yako ni bash. Kwenye Ubuntu sh ni dash, shell ndogo isiyojua mambo ya bash, tangu 6.10 ya mwaka 2006, na Debian nayo ni hivyo hivyo.

Ubaya ni kwamba kwa [[ ]] skripti haianguki. Mkiandika if [[ -d /mnt/disk ]], dash inasema “[[: not found”, if inahesabu jibu ni hapana, inaingia kwenye else na kuendelea. set -e, ile ya kusimamisha skripti amri ikishindwa, haisaidii, maana haishughuliki na amri iliyo ndani ya sharti la if. Kama else yako ina mkfs (inayofomati diski), pole kwa mwenye diski. Andikeni [ -d /mnt/disk ]. Kulinganisha maneno ni = moja, si ==. Badala ya source, nukta (.). echo -e kwenye dash inachapisha hiyo -e yenyewe; printf ipo.

Unataka bash? Basi itaje: #!/usr/bin/env bash, kwa kuwa mfumo wa FreeBSD unaiweka /usr/local/bin. Linux ya Alpine haina bash mpaka apk add bash. Mac imebaki na bash 3.2, declare -A (safu za majina) usahau. Na sed -i (kubadili maneno ndani ya faili) ya Mac inadai kiambishi cha nakala ya akiba, kwa hiyo sed -i.bak 's/a/b/' faili, kisha futa .bak. Hiyo inakubalika pande zote mbili, Mac na Linux.

Sasa Kifaransa, na hapa ndipo hasira inapanda. Ordinatere zetu ziko fr_FR.UTF-8 (lugha ya Kifaransa), nanyi mnatafuta neno Filesystem kwenye df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski! Pale pameandikwa “Sys. de fichiers”. printf '%.2f' 3.5 ya bash inagoma, inataka 3,5. Ni mstari mmoja tu juu, chini ya ule wa #!: export LC_ALL=C, unaorudisha Kiingereza na nukta. Mnauonea uvivu wa nini?

Wenye Mac za AZERTY (kibodi ya Kifaransa): alama ya | inatoka kwa Option+Shift+L. Kidole kikichelewa kuachia Option, nafasi inayofuata inakuwa nafasi isiyokatika, na grep “haipatikani” huku mnaiona kwa macho. LC_ALL=C od -c faili itaonyesha 302 240, ndiyo hiyo nafasi isiyokatika.

Kabla ya kuleta skripti hapa, ikagueni kwa programu ya shellcheck: shellcheck -s sh faili. Msinijibu kwamba dash -n (inayosoma skripti bila kuiendesha) imepita: [[ kwake ni jina la amri tu, kosa hulioni mpaka uiendeshe.