Droni yangu imeshikiliwa Naliendele, kesho naenda polisi. Naombeni ushauri

Mpiga Picha Kusini: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, kazi yangu picha za harusi na mahafali, droni ni starehe yangu ya Jumapili. Juzi niliirusha Shangani ufukweni, upepo wa kusi ukaibeba hadi Naliendele, ikatua uani kwa watu. Nimeifuata kwa adabu zote, wamenigomea. Eti nirudi na mtu mzima wa ukoo wetu. Risiti ninayo. Kesho nafungua jalada la wizi. Nianzie wapi?

Salfa Moja: Kumbe hii ya picha? Nikadhani ya kupulizia mikorosho, nikaja mbio na bei mkononi.

Fundi Antena: Mkuu, namba ya usajili unayo? Na kibali?

Mpiga Picha Kusini: Ni gramu 249 tu, hizi ndogo hazihitaji.

Fundi Antena: Hizo gramu ni za Marekani, tena kwa wanaorusha kujifurahisha. Kwetu kanuni zipo tangu 2018: unasajili Mamlaka ya Usafiri wa Anga na unaomba kibali Wizara ya Ulinzi. Naliendele si mbali na uwanja wa ndege. Mkoa wenyewe uko mpakani, na ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, watu wanauana tangu 2017. Ukifika kaunta na risiti yako, atakayeandikishwa maelezo kwanza ni wewe.

Mwana Ligula: Mimi yangu ilishambuliwa na kunguru pale Lindi, bandarini. Watatu! Ikazama na kadi ya memori, nikabaki na rimoti. Hadi leo rimoti ninayo, mtoto anachezea.

Bibi wa Newala: Mwanangu, wazee hawamwiti mtu mzima wa ukoo kwa sababu ya kitu kuanguka. Mpira ukiangukia uani unarudishwa. Palikuwa na nini pale?

Mpiga Picha Kusini: Kulikuwa na ngoma tu, bibi.

Bibi wa Newala: Ngoma gani?

Mpiga Picha Kusini: Ya akina mama. Kuna wali, wasichana wanaofundwa, walikuwa ndani. Lakini picha inaonyesha mabati na ukuti wa uzio, basi.

Bibi wa Newala: Unyago. Ungesema tangu asubuhi tusingehangaika na gramu.

Mpiga Picha Kusini: Naheshimu mila, mimi mwenyewe nimeenda jando. Ila tuseme ukweli, uzio wao hauna paa. Anga si mali ya mtu. Na maelezo ya polisi nimeshayaandika, rafiki yangu ananisaidia kuchapa.

Chumvi Nyingi: Kwa hiyo tuezeke hadi uani? Bafu langu pia halina paa, nakuomba unipigie simu kabla ya kupita.

Msomi wa Chuno: Faragha imo kwenye Katiba, Ibara ya 16. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake. Wali ni watoto, hapo ndipo pabaya zaidi. Vijana wa siku hizi mkishika kamera mnajiona...

Nahodha Mstaafu: Samahani, nimevua miaka thelathini. Kusi linatoka kusini. Ukirusha Shangani linakupeleka baharini au Mikindani. Naliendele iko kusini ya mji. Droni yako ilipanda upepo kama jahazi la wachawi?

Chumvi Nyingi: CHAI! Leteni mihogo.

Mwana Ligula: Nilishangaa. Kibetri kile kitoke Shangani kifike Naliendele dhidi ya upepo? Uzi ufungwe.

Salfa Moja: Msifunge, chai bado ya moto.

Mpiga Picha Kusini: Si chai jamani. Haya, sikurushia Shangani. Nilisimama na pikipiki barabarani kulekule. Nilisikia ngoma, nikataka mlio na vumbi kutoka juu, kwa ajili ya video ya kutangaza kazi zangu. Niliishusha kidogo ikagonga mnazi. Haikumwangukia mtu, iliangukia sufuria ya ubwabwa.

Nahodha Mstaafu: Hapo sasa upepo umekaa sawa.

Fundi Antena: Mapanga yale yanakata kidole, shukuru sufuria. Sasa jibu moja: kadi wanayo wao. Kwenye simu je? Programu huwa inabakiza nakala.

Mpiga Picha Kusini: Ipo. Ya ubora mdogo. Sijaiweka popote.

Bibi wa Newala: Usiifute ukiwa chumbani kwako. Nenda nayo, uifute mbele ya nyakanga, mkuu wa unyago, aone kwa macho yake. Na jalada la wizi uliache huko kwa rafiki yako mchapaji.

Msomi wa Chuno: Nyongeza kidogo kuhusu Ibara ya 16...

Mpiga Picha Kusini: Sijasema nimekosa. Nauliza tu, jogoo sokoni sasa hivi ni kiasi gani?

Bibi wa Newala: Jogoo wa nini? Ulimwaga ubwabwa wa watu. Anza na mchele, na doti ya kanga kwa nyakanga. Na huyo mtu mzima awe shangazi yako, wanaume hawaingii uani.

Chumvi Nyingi: Wala hawapiti juu.